Je, Yafaa Kukikasirikia Chuma?

Iko mithali fupi ambayo kila mtoto wa nchi yetu huijua kabla hajajua kusoma: Hasira hasara. Twaisema upesi, nasi twaisahau upesi. Wengi wetu tukiisikia hufikiri habari ya ugomvi wa mtu na mwenziwe, mume na mke, jirani na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Lakini leo twataka kuuliza swali jingine, lililo dogo kwa kuonekana: Je, mtu akikikasirikia kitu kisicho na uhai, chuma au jiwe au gogo, amefanya kosa? Ni nani aliyekosewa? Chuma hakisikii tusi, wala hakilii kikipigwa. Yamkini msomaji atacheka na kusema, Swali hili halina kazi. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata siku mbili za mwezi wa Julai, mwaka 2024, zilipotufundisha vingine.

Tunayo motokaa ndogo, iliyokwisha kutumika huko Japani kabla ya kufika kwetu, kama zilivyo nyingi katika nchi hii. Asubuhi ya Ijumaa moja tulizungusha ufunguo, nayo isiitike. Taa ziliwaka vizuri, honi ililia kwa nguvu, basi betri haikuwa na neno. Lakini chini ya boneti ilisikika sauti moja tu, tak, kisha kimya. Wanaojua kazi hii watatambua mara moja kwamba ugonjwa ulikuwa katika stata. Maana ufunguo ukizungushwa, umeme kidogo huenda kuvuta kipande cha chuma kilicho ndani ya stata. Nacho kikivutwa huunganisha vipande vya shaba, ili umeme mwingi wa betri upite na kuizungusha injini. Vipande hivyo vya shaba hulika mwaka kwa mwaka kwa ajili ya cheche, hata siku moja havigusani tena sawasawa. Ndipo isikiwapo ile tak, na injini isizunguke. Dawa yake si ghali: ni kuitoa stata, kuifungua, kutia shaba mpya, na kuirudisha mahali pake.

Kwa maneno ni kazi ya saa mbili. Jumapili tulikuwa na ahadi ya kwenda mtaa wa mbali, na fundi wa mjini angetaka kwanza fedha ya kuivuta motokaa mpaka kwake. Tena, tuseme kweli, tulikuwa na kiburi kidogo. Ujanani tuliwahi kushika spana kwa mjomba wetu, tukajihesabu kuwa mafundi. Basi tukavaa nguo za shamba, tukafungua boneti.

Sasa msomaji na afahamu jinsi mahali pale palivyo. Stata ya motokaa hii imewekwa nyuma ya injini, kati ya injini na ukuta wa chuma uwatengao abiria, chini ya mabomba ya kuingizia hewa. Imefungwa kwa bolti mbili. Ya juu huonekana na mtu ainamaye sana. Ya chini haionekani kabisa, bali hutafutwa kwa ncha za vidole, kama kipofu atafutavyo tundu la ufunguo. Mkono ukiingia, taa haiingii. Taa ikiingia, mkono hauna nafasi. Spana hupata kuzunguka kiasi cha upana wa kidole, kisha hugonga bomba. Yapasa kuitoa, kuigeuza, na kuirudisha upya. Kwa njia hiyo mzunguko mmoja tu wa bolti waweza kuwa kazi ya robo saa.

Msaidizi wetu alikuwa mwana wetu mwenye miaka 13. Yeye alishika tochi na kutukabidhi vyombo. Tukaanza vema. Kwanza tulifungua waya wa betri wa upande wa hasi kwa spana nambari 10, maana waya mnene wa stata hutoka kwenye betri moja kwa moja, na spana ikiugusa huku imeugusa na mwili wa motokaa, cheche zake zaweza kumwunguza mtu. Bolti ya juu ikatoka. Ya chini ikakataa. Kutu ilikuwa imeishika, nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu hubana. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Ngozi ya vidole ikachubuka. Tukaanza kusema na bolti ile kama na mtu: tukaiita kaidi, tukaiita adui yetu. Hata tulipoitaka tena spana nambari 10, ili tulegeze kishikizo cha waya kilichotuzuia, haikuonekana.

Tukamwuliza mtoto, “Spana iko wapi?”

Akajibu, “Baba, sijaishika tena tangu asubuhi. Uliiweka mwenyewe juu ya injini.”

Tukamwambia kwamba yeye ni mwongo, tena mzembe. Na kama angaliangalia kazi badala ya kuangalia barabarani, tungalikuwa tumekwisha maliza. Tulisema kwa sauti kuu, na dada zake walikuwa barazani wakisikia. Mtoto hakujibu. Aliiweka tochi juu ya tairi, taratibu, akaenda zake. Usiku ule hakuja mezani. Mama yake alimpelekea chakula, na aliporudi akatuambia, “Baba, mtoto hajala.” Hakusema zaidi, wala sisi hatukumwuliza.

Haya, turudi katika swali letu. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba hasira humlenga mtu fulani sikuzote, nayo huzaliwa na wazo la kuwa tumedharauliwa pasipo haki. Kama ndivyo, chuma hakiwezi kukasirikiwa kwa haki, maana hakiwezi kumdharau mtu. Bolti yetu haikujua kwamba Jumapili tuna safari. Haikutukataa sisi, ilifuata tu tabia ya chuma, maji na hewa, bila kuongeza wala kupunguza. Mfalme angeishika spana ile, asingepata kwake heshima iliyo kubwa kuliko tuliyoipata sisi. Basi mtu akikikasirikia chuma, hana budi kwanza kukifanya kuwa mtu moyoni mwake. Hana budi kukipa nia, na uovu, na kicheko. Huo ni uongo, nao twajiambia wenyewe. Naye aliyekwisha kuuamini uongo mmoja, wa pili haumlemei.

Herodotus, mwandishi wa kale, asimulia habari za Xerxes mfalme wa Uajemi, ambaye wengi humtambua kuwa ndiye Ahasuero. Karibu na mwaka 480 kabla ya Kristo alitaka kuvusha jeshi lake kutoka Asia kwenda Ulaya, akajengewa madaraja juu ya mlango mwembamba wa bahari. Dhoruba ikayavunja. Mfalme akaamuru bahari ipigwe mijeledi 300, na pingu zitupwe majini. Watu wakisoma hapo hucheka. Lakini habari haiishii hapo. Xerxes aliamuru pia wakatwe vichwa wale waliosimamia ujenzi wa madaraja. Bahari ilibaki kama ilivyokuwa. Watu ndio waliokufa.

Kadhalika wasomaji wetu wamjua Balaamu na punda wake. Palikuwa mahali pembamba, ukuta huku na ukuta huku, na mguu wake ukasetwa ukutani. Kabla hawajafika mwisho wa njia ile alikuwa amempiga mnyama wake mara tatu, hata akatamani upanga. Kumbe, mnyama ndiye aliyeona, na aliyempanda ndiye asiyeona.

Hapo ndipo tunapoona jambo lenyewe. Hasira iliyo juu ya chuma haikai juu ya chuma. Kwa kuwa hapana wa kuipokea, hutafuta mwenye masikio, nayo humwendea aliye karibu. Tena si kila aliye karibu. Watu husema, Mwenye nguvu mpishe. Nayo hasira yaijua sana mithali hiyo. Lau aliyeshika tochi siku ile angalikuwa askofu wetu, au mkuu wa wilaya, na spana ikapotea vilevile, je, tungalimwita mwongo? La, tungaliinama na kutafuta chini ya injini. Basi haifai kusema kwamba hasira ilitupofusha. Ilikuwa na macho ya kutosha kumchagua aliye mdogo.

Wako wasemao, Afadhali mtu apige chuma kuliko kumpiga mwenziwe. Na aitoe hasira yake kama mvuke utokao katika chungu, kisha atatulia. Neno hili lina sura ya hekima, nasi tuliliamini miaka mingi. Lakini limepimwa. Mwaka 2002 mtaalamu mmoja wa Marekani, Brad Bushman, alitangaza jaribio alilolifanya kwa wanafunzi waliokuwa wameudhiwa kwanza. Wengine walipewa mfuko wa kupiga ngumi huku wakimfikiri yule aliyewaudhi. Wengine walikaa kimya tu kwa dakika mbili. Wale walioupiga mfuko walitoka na hasira nyingi zaidi; wale waliokaa kimya ndio waliokuwa wapole kuliko wengine. Nasi twashuhudia vivyo hivyo. Kila tulipoigonga bolti kwa nyundo, tuliufundisha mkono wetu kugonga. Mtoto aliposema neno lake, mkono haukumpiga, lakini ulimi ulikuwa umekwisha kufundishwa kazi ile ile.

Usiku ule tukiwa macho tuliigeuza lawama upande mwingine. Tulisema, Ni nani aliyeiweka stata mahali pasipoingia mkono? Tulimlaumu mhandisi tusiyemjua. Lakini tulipofikiri kwa utulivu, lawama hiyo nayo haikusimama. Zamani injini zilikuwa wazi. Motokaa ya Ford iitwayo Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908 na kutengenezwa mpaka mwaka 1927, zaidi ya milioni 15, ilikuwa na nafasi ya kutosha, hata mkulima wa Marekani aliweza kuitengeneza shambani kwake. Kisha watu walitaka motokaa fupi inayotumia mafuta machache, tena ichukue watu wengi. Mwaka 1956 palitokea shida ya Mfereji wa Suez, mafuta yakapungua Uingereza. Na mwaka 1959 ikatokea motokaa ndogo iitwayo Mini, kazi ya mhandisi Alec Issigonis. Urefu wake ulikuwa kama mita 3 tu, lakini watu wazima wanne walikaa ndani yake. Aliwezaje? Aliilaza injini kwa upana wa motokaa badala ya urefu wake, akaitia gia chini ya injini, akayafanya magurudumu ya mbele yavute. Hivyo sehemu kubwa ya sakafu, kama nne kwa tano, ikawa ya watu na mizigo. Si yeye wa kwanza kuilaza injini hivyo, lakini baada yake watengenezaji wengi wa motokaa ndogo waliifuata njia hiyo.

Basi ile nafasi iliyonyimwa mikono yetu haikupotea. Ilihamishwa upande wa pili wa ukuta wa chuma, ikapewa magoti yetu. Kila siku tulipoketi kwa raha, tukiwa na watoto watatu nyuma na mzigo wa ndizi, tulikuwa tukiitumia nafasi ile pasipo kushukuru; na siku moja tulipoombwa kuilipa kwa ngozi ya vidole, tulipiga kelele. Ndivyo tulivyo wanadamu. Faida twaihesabu kuwa haki yetu, na gharama yake twaiita uonevu. Hata hivyo twakiri kwamba mhandisi aweza kukosa, akamsahau mtu atakayekuja kuikarabati kazi yake; nasi tungefurahi kama kila mhandisi angelazimishwa kuifungua stata yake mwenyewe mara moja, usiku, kwa tochi. Lakini hayo ni ya kumwandikia mhandisi, si ya kumlipisha mtoto.

Jumamosi asubuhi jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa malori zamani, akapita akatuona tumeinama. Akasema, “Mchungaji, huko juu watafuta nini? Ingia kwa chini. Toa lile bamba.” Tukaipandisha motokaa kwa jeki, tukaitegemeza kwa stendi za chuma, maana mtu asiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Tukalala chali, tukaanza kufungua bamba la plastiki lifunikalo tumbo la injini. Lilipolegea likainama, na kitu kikateleza juu yake, kikatuangukia kifuani. Ilikuwa spana nambari 10.

Hapo tulilala kwa muda pasipo kufanya neno. Mzee alikuwa amekwenda zake. Watoto walikuwa nyuma ya nyumba. Hapakuwa na mtu aliyeona spana ile ikianguka. Ndipo swali letu la kwanza likageuka kuwa jingine, lililo gumu zaidi kuliko bolti. Tungaliweza kuitia mfukoni, na kesho kuirudisha katika sanduku lake, kisha tukawa wapole kwa mtoto siku nyingi, na kumnunulia zawadi, pasipo kusema lolote. Wengi wetu tulio baba hufanya hivyo. Twatengeneza pasipo kukiri. Twasema moyoni, Mtoto atasahau.

Tena tulikuwa na mithali ya kututetea: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tuliisema kimoyomoyo tukiwa chini ya motokaa: Baba akimwomba mtoto msamaha leo, kesho mtoto atamkemea baba. Lakini tulipoipima mithali, tuliona tumeiiba. Mithali ile yamwonya mzazi asimnyime maonyo mtoto aliyekosa. Haimruhusu mzazi kumnyima haki mtoto aliyesema kweli. Mtoto wetu hakuwa akilia kwa sababu ya kuonywa; alinyamaza kwa sababu alisema kweli na kuitwa mwongo. Nacho kitu gani chamfundisha mtoto kusema uongo upesi kuliko hicho, yaani kuona kwamba kweli na uongo vyote viwili vyapata malipo yale yale? Heshima ya baba isiyoweza kustahimili neno “nimekosa” ni kama bolti iliyoshikwa na kutu: yaonekana imara, lakini uimara wake si kitu ila ugonjwa.

Basi tukatoka, tukamwita mbele ya dada zake, maana dada zake ndio waliolisikia tusi. Tukamwonyesha spana, tukasema ilikuwa wapi, na ni nani aliyeiweka juu ya injini ikaanguka. Tukamwambia kwamba yeye alisema kweli nasi tukamwita mwongo. Tumemkosea, na atusamehe. Hatukuongeza neno juu ya uchovu wetu wala juu ya ukaidi wa bolti, ingawa ulimi ulitaka sana kuongeza. Mtoto aliitazama spana muda mrefu. Kisha akauliza, “Na ile bolti ya chini, imetoka?”

Tukasema, “Bado.”

Akaenda kuitwaa tochi.

Tulitia mafuta ya kulainisha kutu, tukangoja kwa kunywa chai. Kisha kwa njia ya chini, kwa spana yenye mpini mrefu, bolti ililia kama mlango mkavu, ikalegea. Vipande vya shaba vilikuwa vimelika upande mmoja, kama tulivyodhani. Jumapili tulisafiri.

Hatusemi kwamba yote yamekwisha. Tangu siku ile, mwana wetu akitukabidhi spana huitaja nambari yake kwa sauti, na tukiiweka mahali huitaja na mahali pale, kama mtu atakaye shahidi. Yamkini ataacha; yamkini hataacha. Kila tuisikiapo sauti ile, twajua ni hesabu ya deni letu, nasi hatumkatazi.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kukikasirikia chuma si kosa juu ya chuma, maana chuma hakina haki iwezayo kuvunjwa. Ni kosa juu ya kweli kwanza, kisha ni hatari kwa yule aliyesimama karibu nasi. Kwa hiyo twawashauri wasomaji, hasa wale walio na kazi za mikono na watoto wa kuwasaidia, mambo matatu. Kwanza, mtu akijisikia ameanza kusema na chombo kama na adui, na aweke spana chini saa ile ile, atoke nje ya kivuli cha boneti, akae kimya kidogo. Pili, kabla ya kumshitaki msaidizi wake, na ajiulize kama angemshitaki hivyo mtu mkubwa kuliko yeye. Tatu, akikuta kwamba amekosa, na akiri mahali pale pale alipotukana, mbele ya masikio yale yale. Na spana nambari 10 asiiweke juu ya injini.